Kabla Hujakata Tiketi ya Boti

Wadogo zangu, Desemba ikikaribia najua wengi mnapanga Zanzibar. Nendeni, mtu aliyechapa kazi mwaka mzima anahitaji kupumzika. Ila kabla hujakata tiketi, kaa na dada yako kidogo.

Mara yangu ya kwanza Unguja tulishushwa kwenye fungu la mchanga, maji yakiishia magotini, viti vya pweza wekundu wametapakaa chini. Nikamwokota mmoja, nikamweka kiganjani, nikapigwa picha. Mzee aliyekuwa akitengeneza nyavu pembeni akaniambia kwa upole, “Mwanangu, mrudishe. Huyo hewa yake imo majini.” Ni kweli, kiumbe yule hana mapafu, na kila anayemtoa majini kwa ajili ya picha anamkaba roho. Picha ile niliifuta, lakini bado inaniuma. Wewe mtazame hukohuko aliko.

Pomboo wa Kizimkazi nao. Hadi miaka ya 1990 wavuvi waliwawinda wakawafanya chambo cha papa. Leo pomboo hai ndiye anayeleta riziki kijijini, na hilo ni jambo jema sana. Tatizo ni pale boti kadhaa zinapolizunguka kundi moja na watu kujirusha majini juu yao. Nahodha hufanya hivyo kwa kuwa anaamini ndicho mteja alicholipia. Basi mwambie mapema, kabla hujatoa hela: sisi hatutaki kuwafukuza, tutatazama kwa mbali, na wakiondoka tuwaache waende. Utashangaa atakavyofurahi, maana na mafuta yake yatapona.

Malazi: usiulize bei tu. Uliza wanaofanya kazi pale ni wa kijiji gani, samaki wananunua kwa nani, maji wanatoa wapi. Visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi huingia chumvi, na anayekosa maji ya kunywa ni jirani wa hoteli. Kwa hiyo oga haraka, na taulo moja likutoshe siku zote. Ukiwa na muda, pita Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ukawaone kima punju, ambao porini huwapati nje ya Zanzibar. Usiwalishe hata ndizi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar hata kabla ya hapo.

Ukitoka hotelini kwenda mitaani, jistiri. Chukua kanga, haina uzito.

Na ukifika Paje bahari imekupwa, utawakuta akina mama wameinama wakifunga mwani kwenye kamba, sketi zimelowa hadi kiunoni. Usikanyage kamba zao. Ukitaka picha, toa salamu kwanza, kisha omba. Akikataa, rudisha simu mfukoni. Na sabuni yake ya mwani ukiipenda, mlipe bei aliyotaja.