Bando, Kraki na Flashi

Kompyuta nyingi za majumbani huku kwetu hutegemea intaneti ya simu. Mtu ananunua bando la wiki, anawasha hotispoti, anaunganisha laptopu, na kabla hajafungua hata ukurasa mmoja bando limeshapukutika: Windows imejishushia apdeti. Dawa yake kila fundi wa mtaani anaijua. Iambie kompyuta kwamba intaneti hiyo ni ya kupimiwa, au zima apdeti kabisa. Bando linapona, kompyuta inabaki wazi.

Maonyo mengi ya usalama mtandaoni huandikwa kana kwamba msomaji ana intaneti isiyokwisha na hela ya kununulia kila programu. Kwa familia ya kawaida ya Mwanza au Kisumu, kirusi huingia kupitia njia zilezile tunazobania matumizi: bando tunalolionea huruma, programu ya bure iliyovunjwa leseni, na flashi inayozunguka mtaa mzima. Ushauri usioingia mfukoni mwa mtu hautafuatwa, basi tuangalie unaowezekana.

Kwanza apdeti. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye sehemu ya Windows inayowezesha kompyuta kupeana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa bitcoin. Kilikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Hakikusubiri mtu abofye chochote. Waliokuwa wameweka kiraka cha Machi hakikuwapata.

Apdeti za usalama za Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa zetu. Wahalifu nao huzisoma, maana kiraka chenyewe kinaonyesha tundu lilikuwa wapi. Lakini kwa kuwa hutoka mara moja kwa mwezi, huna haja ya kuiachia kompyuta ilambe bando mwezi mzima. Hotispoti ibaki ya kupimiwa, ila baada ya Jumanne hiyo tenga siku moja: nunua bando la usiku kama mtandao wako unalo, au beba laptopu uende nayo ofisini, chuoni, au kwa ndugu mwenye faiba. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia Windows Update, acha ishushe kila kitu, kisha uizime na kuiwasha upya. Hapo pa kuwasha upya ndipo wengi wanaporuka. Kufunika laptopu kila usiku si kuizima, na apdeti nyingi hazikamiliki mpaka mashine iwake upya.

Ukiwa hapohapo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, gonga Enter. Ukiona Windows 10, jua kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka nyongeza ya apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, lakini ni kwa anayejiandikisha. Ukienda kununua laptopu ya mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue, uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei: kwa kawaida Intel iliyo chini ya kizazi cha 8 haikubaliwi rasmi na Windows 11. Mwenye nayo tayari asiitupe. Linux Mint ni ya bure, na Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, nayo ni ya bure. Kwa kuandika barua, kusoma baruapepe na masomo ya watoto, zinatosha kabisa. Anayetegemea programu ya mahesabu inayofanya kazi kwenye Windows pekee ndiye atakayepata tabu.

Sasa kraki, yaani programu iliyovunjwa leseni. Fundi anakuwekea Windows na Office "kamili" kwa hela ya soda, au kijana wa nyumbani anashusha mchezo. Maelekezo yanayokuja nayo ni yaleyale siku zote: zima antivirasi kwanza, halafu fungua faili hili kwa mamlaka ya msimamizi. Ni kumfunga mbwa kamba ndipo umfungulie mgeni geti. Kuna kirusi cha kudai fidia kiitwacho STOP, wengine hukiita Djvu, ambacho kimeenea hasa kwa njia hii, na kinawalenga watu wa kawaida kuliko makampuni. Picha za harusi na tasnifu ya miaka mitatu hugeuka mafaili yasiyofunguka. Vingine havifanyi kelele: hukusanya nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, pamoja na kumbukumbu zinazokuacha ukiwa umeingia, na mwizi akafungua baruapepe yako bila hata kuulizwa nywila. LibreOffice haina gharama, na Office ya kwenye kivinjari pia ina sehemu ya bure. Antivirasi ya Defender inakuja na Windows yenyewe. Sioni sababu ya familia kununua nyingine. Hakikisha tu kwamba fundi hakuizima.

Flashi ndiyo msafiri wa mtaa. Inatoka nyumbani, inachomekwa stesheneri ambako wateja wa siku nzima wamechomeka zao, inarudi na folda zote zimegeuka njia za mkato zenye kimshale kidogo kwenye kona. Mwenye flashi anadhani kazi yake imefutika, anabofya ahakikishe, na hapo ndipo anapokizindua kirusi. Usibofye. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Ichunguze flashi kwa Defender kwanza, kirusi kiondolewe. Kisha, kama kompyuta inaisoma flashi kwa herufi E, fungua Command Prompt na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ihakiki herufi hiyo kabla ya kugonga Enter. Ukitaka kuepuka yote haya, tuma PDF kwa WhatsApp ya stesheneri badala ya kubeba flashi, na kama ni nakala ya kitambulisho, usimamie wakiifuta. Usiingie kwenye baruapepe yako kupitia kompyuta yao.

Baruapepe hiyo ilindwe kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu akaunti zako nyingine hurudishiwa nywila kupitia humo. Nywila iwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, na isitumike popote pengine. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na ikiwezekana tumia programu ya kutoa namba za uthibitisho kuliko SMS, maana mhalifu akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini yake, SMS zitamfuata yeye. Aliye Tanzania apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na ule ujumbe wa kitapeli wa "hela tuma kwenye namba hii" aupeleke 15040.

Nakala za akiba ziwekwe kwenye diski ya nje inayochomolewa kila baada ya kunakili. Iliyoachwa imechomekwa hufungwa na kirusi pamoja na kompyuta.

Kama yameshakukuta, kata intaneti kwanza na uchomoe kila diski. Badilisha nywila kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, ukianzia baruapepe. Usikimbilie kulipa, wala usimruhusu fundi afomati siku hiyohiyo: piga picha ujumbe wa kirusi, nakili mafaili yaliyofungwa mahali pembeni, kisha ulinganishe na yaliyoorodheshwa na No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni ya usalama wa kompyuta. Wana funguo za bure za baadhi ya virusi hivi, na funguo mpya huongezwa, kwa hiyo mafaili yasiyofunguka leo yatunze.