Nani Atengwe, Nani Aachwe? Maswali Kuhusu Mkristo na Kuhukumu

Mchungaji mstaafu aliyefundisha Agano Jipya kwa muda mrefu anajibu maswali ya wasomaji. Wengi wao ni watu wa usharika: mama wa jumuiya, mwanakwaya, mzee wa kanisa. Mmoja anasema hasali popote.

Swali: Mchungaji, Yesu alishasema tusihukumu. Ninyi mnapata wapi ruhusa ya kutenga watu?

Jibu: Katika Mathayo sura ya 7 hiyo hiyo, mwanangu. Watu husoma mstari wa kwanza kisha wakafunga Biblia. Wangeendelea kidogo wangeona kwamba mwenye boriti jichoni haambiwi asahau kibanzi cha mwenzake. Anaambiwa aanze na boriti yake, ndipo ataona sawasawa na kumsaidia. Mstari wa 6 unazungumzia mbwa na nguruwe, na lazima uwatambue kabla hujajua usiwape nini. Kuanzia mstari wa 15 tunatakiwa kuwapima manabii kwa matunda yao. Hakuna hata moja kati ya hayo linalowezekana bila kupambanua. Katika Yohana 7:24, Yesu alipolaumiwa kwa kumponya mtu siku ya sabato, hakuwazuia watu kuamua. Aliwataka waamue kwa haki, wasiishie kwenye kinachoonekana kwa macho.

Kinachokatazwa ni kukalia kiti cha Mungu. Mimi naweza kujua kwamba fulani ameiba sadaka, kwa sababu daftari lipo na fedha haipo. Sijui hesabu yake na Mungu itafungwaje, wala mimi ningekuwa mtu gani kama ningelelewa alikolelewa yeye. Kinakatazwa pia kipimo cha aina mbili. Hapo ndipo tunapokosea zaidi: makanisa yetu yana haki ya kuhukumu mambo ya ndani, ila haki hiyo imetumika mno kwa wasio na wa kuwasemea.

Swali: Kuonya na kusengenya vinatofautianaje? Kwenye jumuiya yetu vinafanana.

Jibu: Tazama nani aliambiwa kwanza. Mathayo 18:15-17 inatoa utaratibu: umwendee mwenyewe, ninyi wawili tu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, mwisho kabisa kanisa. Sisi tumeugeuza kichwa chini miguu juu. Habari inaanzia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, inapita kwenye jumuiya kama ombi la sala, "tumwombee dada yetu, nasikia mumewe amemkuta na...", na mhusika anakuwa wa mwisho kuipata. Huo ni umbea uliovikwa joho. Kama hujawa na ujasiri wa kumwambia yeye, huna ruhusa ya kumwambia mwingine.

Swali: Binti wa kwaya yetu amepata mimba. Baraza limemtenga, haruhusiwi Meza ya Bwana wala kuimba. Kijana aliyempa mimba bado anapiga kinanda kila Jumapili, na wote tunamjua. Mimi ni mama yake mkubwa. Niseme nini?

Jibu: Pole, mama. Sema hivyo hivyo ulivyoniandikia, mbele ya baraza, na uombe iandikwe kwenye muhtasari.

Kutenga watu kwa muda, kisha kuwarudisha kundini mbele ya ibada, ni desturi iliyokuja na wamisionari, Walutheri na Wamoraviani kwa mfano, na wazee wetu wakaishika kwa nguvu kuliko hata waliowaletea. Sitaki kuidharau. Mizizi yake imo katika 1 Wakorintho 5, ambako Paulo aliamuru atolewe mtu aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake. Hapo kuna jambo ambalo wengi hulipita: Paulo anamshughulikia mwanamume. Huyo mwanamke hatolewi hukumu yoyote, pengine kwa sababu hakuwa wa kanisa. Kisha katika 2 Wakorintho 2:5-8 anaandika juu ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, na anasema yatosha sasa, asamehewe na afarijiwe asije akazama katika huzuni. Kama ni yule yule au mwingine, wafafanuzi hawajakubaliana. Ila nia yake haina utata: adhabu ya kanisa ina mwisho, na mwisho wake ni mtu kurudi nyumbani.

Sasa tuje kwa binti yako. Baraza limeona tumbo, na kijana hana tumbo la kuonekana. Hapo kanisa limeadhibu ushahidi na kuliacha kosa. Katika Yohana 8 walimletea Yesu mwanamke aliyefumaniwa akizini, peke yake, wakati sheria waliyokuwa wakiitaja, Walawi 20:10, inawataja wote wawili. Nakala za kale zaidi za Injili ya Yohana hazina kisa hicho, na ndiyo maana Biblia nyingi hukitia katika mabano. Hata hivyo kanisa limekipokea karne nyingi, kwa kuwa kinafanana sana na Yesu tunayemjua. Hakumhukumia adhabu, na hakumwambia kwamba hakuna kosa. Alimwambia aende, asirudie.

Kwa hiyo ombi lako liwe hili: kijana aitwe, apimwe kwa kipimo kile kile, na aulizwe atamlea vipi mtoto. Binti apangiwe mzee wa kike wa kumtembelea, maana kipindi hiki ndicho anachohitaji watu kuliko wakati wowote. Na mtoto atakapozaliwa abatizwe kama watoto wengine. Zipo sharika zinazomchelewesha mtoto wa namna hiyo au kumtafutia bibi wa kumsimamia, utadhani naye alikuwepo. Ezekieli 18 yote imeandikwa kupinga wazo kwamba mtoto hubeba kosa la mzazi.

Swali: Na mkandarasi aliyejenga madhabahu, ana nyumba ndogo mbili, na ndiye mgeni rasmi wa kila harambee?

Jibu: Yakobo 2:1-4. Msome kwenye kikao kijacho cha kamati ya ujenzi, mwenye pete ya dhahabu akiwa amekaa mbele. Nabii Nathani alikwenda kumkemea Daudi, na Daudi alikuwa mfalme mwenye jeshi. Wewe unaogopa mtu mwenye malori ya kokoto.

Niongeze la pembeni kidogo. Orodha ya 1 Wakorintho 5:11 haina wazinzi tu. Wamo wenye tamaa ya mali, walevi, wenye matusi na wanyang'anyi. Nimekaa kwenye mabaraza mengi na sikumbuki mtu kutengwa kwa kumnyima dada wa kazi mshahara wake, ingawa Yakobo 5:4 inasema mishahara iliyozuiliwa inapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana.

Swali: Ndugu zangu waliookoka wananiambia hereni na suruali zitanipeleka motoni. Wana haki ya kunihukumu?

Jibu: Kwa hereni, hapana. Warumi 14 iliandikwa kwa watu waliogombana kuhusu chakula na siku. Wapo waliokula kila kitu, wapo waliokula mboga tu. Paulo alimkataza mla mboga kumhukumu mwenzake, na akamkataza mla kila kitu kumdharau mla mboga. Hilo la pili tunalisahau sisi tunaojiona tumesoma na kuwacheka walokole.

Nawe usiwacheke, kwani historia yao ni kubwa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza na urafiki wa Mganda, Simeoni Nsibambi, na daktari Mwingereza, Joe Church, waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929. Ukawaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Uganda yote, Kenya na Tanganyika. Watu walitubu hadharani na kurudisha vitu walivyoiba, na Mzungu akamwomba Mwafrika msamaha kwa kiburi chake, jambo ambalo enzi za ukoloni halikuonekana mara nyingi. Nguvu yao ilikuwa hapo: kila mtu alianza na boriti yake.

Lakini moto huo huo uliunguza. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi wa uamsho walizoea kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri dhidi ya dhambi walizoziona pale chuoni. Wakuu wakapiga marufuku, nao wakakataa kutii, na kundi lao likafukuzwa akiwemo William Nagenda. Hadi leo watu hubishana nani alikosea. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na haki kidogo na ukaidi mwingi. Kufikia miaka ya 1970 uamsho wenyewe ulikuwa umegawanyika Uganda, na kundi la Yona Mondo lilikuwa likiwahesabia wenzao mkopo kuwa dhambi. Ukishaanza kuhesabu dhambi za wengine, orodha haikosi kurefuka.

Swali: Mimi si Mkristo. Kwa nini mnatuhukumu sisi tusio wenu?

Jibu: Hatupaswi. Paulo anauliza katika 1 Wakorintho 5:12-13 yeye ana kazi gani na walio nje, na anajibu kwamba hao ni wa Mungu. Tunapokaa kwenye baraza la kahawa kumjadili jirani Mwislamu na ndoa zake huku daftari la sadaka limepotea, tumekosa mara mbili.

Ila kukemea dhuluma ni jambo jingine. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji. Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu wa uamsho tangu 1948, alikamatwa na kuuawa tarehe 16 mwezi huo huo. Mwenzake Festo Kivengere alikimbia nchi, na mwaka ule ule akatoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linasema anampenda Idi Amin. Wengi walikasirika. Mimi naona Kivengere aliiweza hiyo Mathayo 7 kuliko wengi wetu: aliyataja mauaji kwa jina lake, na hakumfunga muuaji nje ya rehema.

Swali: Kaka yangu alijiua. Kiongozi wetu amesema kanisa haliwezi kumzika.

Jibu: Poleni sana, ninyi na mama yenu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 haina tena kifungu hicho. Kama Roma imeweza kukiondoa, kiongozi wenu naye anaweza. Marehemu yuko mbele ya hakimu anayejua yote, nasi hatujui usiku ule alipitia nini. Mwombeni kiongozi tena, na akikataa, mwendeeni mkuu wa jimbo. Hata asipokuja mtu mwenye joho, kusanyikeni, imbeni, msome Zaburi, mmzike.

Swali: Mimi ni mzee wa kanisa. Tuanzie wapi?

Jibu: Kwenye daftari la waliotengwa, mzee mwenzangu. Lifungueni kikao kijacho, jina kwa jina, na kando ya kila jina muulize ni nani kati yenu amekwenda kwake tangu atengwe. Pasipo na jibu, gaweni majina hayo siku hiyo hiyo, na kila mmoja wenu aende kwa miguu yake kabla ya Jumapili.