Kupamba Sakafu ya Nyumba kwa Rangi

Pumwani ilipoanzishwa mapema katika miaka ya 1920, watu waligawiwa viwanja wakajijengea nyumba za miti na udongo. Baadaye Baraza la Mji lilijenga nyumba za kupangisha huko Shauri Moyo, kisha Kaloleni katika miaka ya 1940, na Bahati, Mbotela na Ofafa katika miaka ya 1950. Hivyo ndivyo sakafu ya saruji ilivyozoeleka katika mitaa ya Eastlands. Aghalabu ilitiwa rangi nyekundu, na bibi mwenye nyumba aliisugua kwa nta na kitambaa mpaka ikang'aa. Jambo hilo halikuwa fahari tu. Vumbi la sakafu ya udongo ni makao ya funza, na sakafu ngumu ya kufagika iliwaokoa watoto wengi na taabu hiyo.

Siku hizi wako watu wasiotosheka na rangi moja, nao huchora miraba, maua au mistari sakafuni. Haihitajiwi kutafuta michoro ya mbali. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote na mji katikati, na mpango huo hukifaa sana chumba kidogo: pindo hufuata kuta, na meza hukaa juu ya mji. Misuko ya mkeka wa ukili nayo hutoa pembe na mistari mizuri. Wanawake wa Kihindi huchora kizingitini kwa unga, na kazi yao hufutika baada ya muda mfupi. Sakafu ya rangi hukanyagwa kwa miaka, kwa hiyo kazi kubwa ni kuitayarisha; kuchora ni kazi ndogo.

Adui wa kwanza ni unyevu. Kipande cha plastiki chenye upana wa futi 2 kilazwe sakafuni, kingo zake zizibwe kwa utepe wa gundi, kiachwe usiku kucha. Asubuhi kikionekana kina matone chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini, na rangi itabanduka hata ikiwa ya bei kubwa namna gani. Adui wa pili ni ile nta ya zamani. Tone la maji likisimama kama ushanga badala ya kutandaa, nta ingalipo. Iondolewe kwa tapentaini, madirisha yakiwa wazi, kisha sakafu ioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Saruji mpya nayo isipakwe kabla ya siku 28. Ukali wake ni kama wa magadi, na kila aliyewahi kupika sabuni anajua mafuta yanavyogeuka yakikutana na ukali wa namna hiyo. Rangi ya mafuta juu ya saruji mbichi hupatwa na hali ile ile.

Lililo zito kuliko yote ni afya ya watoto. Mtoto atambaaye hushika sakafu na kutia mkono kinywani. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, hasa nyekundu na njano zilizokoza, na sumu hiyo hudhuru ubongo wa mtoto bila dalili ya upesi. Sheria ya Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi. Basi mnunuzi asome maandishi ya mkebe, na mkebe usio na maandishi auache dukani. Rangi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu, kwa maana vumbi lake ndilo sumu. Ilowanishwe kwanza, na watoto wakae kwa jirani mpaka nyumba ioshwe.

Chukuliwe mfano wa chumba cha futi 10 kwa 12. Eneo lake ni futi za mraba 120, yaani mita za mraba 11 hivi. Lita moja hufunika takriban mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ya rangi ya chini itahitaji kama lita 2. Kuta za nyumba kuukuu mara nyingi hazina pembe sawa, na mtu akianza ukutani miraba itapinda. Aanze katikati: uzi uliopakwa chaki uvutwe kutoka katikati ya ukuta mmoja hadi wa pili, upigwe, kisha wa pili uukate wa kwanza. Pembe ipimwe kama wafanyavyo waashi, futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na 5 kati ya ncha. Miraba ya futi moja itakuwa 120, na 60 kati yake itapakwa rangi ya pili. Ikiwa lazima miraba mingine ikatwe, ikatwe chini ya kitanda.

Shida ya Eastlands ni kwamba mara nyingi chumba ndicho nyumba nzima. Nusu ipakwe, ikauke kabisa, ndipo vitu vihamishwe na nusu ya pili ipakwe. Usiku huo familia ikilala kwingine ni bora, na jiko lisiwashwe kabisa karibu na rangi mbichi, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Januari na Februari hufaa. Baridi ya Julai hukawiza kukauka.

Mpangaji amwulize mwenye nyumba kabla ya kununua rangi, tena apate jibu la maandishi. Wako waliopamba sakafu vizuri, kodi ikapandishwa kwa sababu ya uzuri huo huo. Rangi itakayobaki itiwe katika chupa, ifunikwe sana, iwekwe mbali na watoto. Penye mlango ndipo patakapochakaa kwanza.