Kuchagua Ruta Katika Ghorofa za Githurai 45

Mtu yeyote aliyepanga nyumba katika ghorofa za Githurai 45, kuanzia zile zinazotazama barabara kuu ya Thika hadi zile zilizobanana kuelekea Mwihoko, akifungua simu yake na kuitazama orodha ya Wi-Fi zilizo hewani, ataona majina mengi kuliko milango iliyo katika ngazi yake. Na katika orodha hiyo ndimo ilimo sababu kubwa ya malalamiko ninayoyasikia kila mwisho wa mwezi, kwamba fulani analipia megabiti 100 kwa sekunde lakini simu yake haionyeshi hata 20. Kampuni hulaumiwa, fundi huitwa, na fundi akija akapima kwa waya aghalabu hukuta kasi yote imefika salama mpaka kwenye kisanduku cha faiba ukutani. Kilichopotea kimepotea ndani ya nyumba, baina ya ruta na simu.

Jambo hili hunishughulisha sana kila nilifikiriapo. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, Kenya ilitegemea satelaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nchi za ng'ambo, na bei yake ilikuwa ghali kwa mtu wa kawaida. Leo habari husafiri maelfu ya kilomita chini ya bahari, ikapanda kutoka pwani hadi bara, ikapita juu ya nguzo za mitaa yetu, isipungukiwe na kitu, kisha ikaja kudhoofika katika hatua chache za mwisho kati ya sebule na chumba cha kulala. Hatua hizo chache zi mikononi mwa mwenye nyumba, na ndizo ninazotaka kuzieleza kwa kadiri ya tajiriba yangu ya kujinunulia na kuwanunulia majirani.

Kwanza ijue kasi unayoilipia, na uitofautishe megabiti na megabaiti, maana megabaiti moja ni biti mara nane ya megabiti moja, na faili inayoshuka kwa megabaiti 12 kila sekunde imekwisha kuitumia karibu yote ile 100 yako. Mwenye kifurushi cha megabiti 15 au 30 hana haja ya ruta ya fahari. Vilevile, ikiwa kisanduku ulichopewa na kampuni kina Wi-Fi ya masafa yote mawili, gigahezi 2.4 na 5, na matundu ya waya ya gigabiti, usinunue kitu. Weka fedha zako akiba.

Walakini kwa mwenye kifurushi cha megabiti 100 au zaidi, kitu cha kutazama kabla ya vyote ni matundu ya waya yaliyo nyuma ya ruta, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa kuwa ubavu wa boksi hunadi namba kubwa ya hewani na kuliacha tundu katika maandishi madogo ya chini. Tundu lililoandikwa 10/100 halipitishi zaidi ya megabiti 100, na kwa hakika, ukiondoa sehemu inayoliwa na taratibu za mtandao wenyewe, utapata 94 au karibu na hapo, hata kama kampuni inakuletea 500. Lililoandikwa 10/100/1000, au neno Gigabit, ndilo la kutafuta. Chukua mfano wa bidhaa mbili za TP-Link zinazofahamika sana: Archer C50 na Archer C6 zote hunadiwa kuwa za 1200, lakini matundu ya C50 ni ya mia na ya C6 ni ya elfu. Asiyelijua hilo atapendezwa na tofauti ya bei, achukue ya kwanza, na kifurushi chake kikubwa kikome mlangoni.

Siku moja katika Luthuli Avenue, muuzaji aliniwekea juu ya meza ruta nyeusi yenye pembe kama za kaa, akaniambia, "Mkubwa, chukua hii ya antena sita, hii inatoboa mawe."

Nikamjibu, "Ndugu yangu, niambie kwanza matundu yake ni ya mia au ya elfu."

Akaligeuza boksi, akalisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa kidole mpaka akafika kwenye mstari wa mwisho, akalirudisha rafuni pasipo ubishi, akaniletea jingine. Antena nyingi si ushahidi wa kasi. Simu nyingi za mkononi zina antena moja au mbili tu za Wi-Fi, na mazungumzo hayawezi kuwa mapana kuliko upande ulio mwembamba.

Na waya unaotoka kwenye kisanduku cha faiba kuingia katika ruta uwe Cat5e au zaidi, wenye nyuzi zote nane. Kasi ya gigabiti hutumia jozi zote nne. Jozi moja ikikatika ndani ya kichwa kilichobanwa vibaya, vifaa huweza kushuka hadi 100 kimyakimya, na taa itaendelea kuwaka kana kwamba mambo ni mazuri.

Sasa tuje hewani. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, nazo ni 1, 6 na 11. Ruta na simu zina adabu ya kungoja kimya kabla ya kusema, kwa hiyo pale ambapo ruta thelathini za ghorofa moja zinagawana chaneli tatu, kila moja hutumia muda mwingi ikingoja kuliko ikisema. Ni mfano wa soko la Githurai jioni, ambapo sauti ya kila mchuuzi ni nzima lakini hakuna anayesikika hadi mwisho wa sentensi yake. Ruta iliyoandikwa N300 aghalabu haina masafa mengine zaidi ya hayo, nami simshauri mtu wa ghorofa aichukue, hata kama kifurushi chake ni cha megabiti 30 na hata kama ameipata kwa bei ya kutupa.

Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi, lakini husemwa vibaya kwamba hayapenyi kuta. Ni kweli hayapenyi vizuri. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo, yale yanayochimbwa upande wa Juja, yakapigwa plasta pande zote mbili na kufunikwa kwa zege, na mlango wa mbele ni wa chuma; wimbi la 5 likipita kuta mbili za namna hiyo huwa limechoka. Lakini mimi naona udhaifu huo ndio neema yetu. Ukuta unaolizuia wimbi langu lisimfikie jirani ndio unaolizuia la jirani lisinifikie mimi, na katika nyumba ya chumba kimoja na sebule sina haja ya wimbi linalofika uani. Kwa hiyo nachagua ruta yenye masafa yote mawili, nazipa Wi-Fi hizo majina tofauti, kisha naunganisha simu, kompyuta na televisheni na ile ya 5, nikiiacha ya 2.4 kwa vifaa vya zamani visivyoijua nyingine.

Namba za kwenye boksi zichukue kwa hadhari. Ile 1200 ni jumla ya 300 za masafa ya kwanza na 867 za ya pili, ikakuzwa kidogo. Simu nyingi hazitumii masafa yote mawili ya ruta hiyo kwa pamoja, na kati ya hizo 867 utashukuru ukiona nusu. Wi-Fi 6, inayotambulika kwa herufi AX, ina faida ya yakini mahali penye msongamano, kwani huweza kuigawa nafasi moja ya kusema kwa vifaa kadhaa kwa wakati mmoja. Ila faida hiyo huipata mwenye simu na kompyuta za Wi-Fi 6.

Ikiwa nyumba ni ya vyumba vitatu, usinunue kile kifaa cha kurudia mawimbi, ambacho hupokea na kutuma tena kwa hewa ileile na hivyo mara nyingi kukata kasi nusu. Pitisha waya juu ya fremu za milango, uweke ruta ya pili chumba cha mwisho.

Ukishainunua, iweke juu, sebuleni, mbali na friji na maikrowevu, wala usiifiche nyuma ya televisheni pale alipoiacha fundi. Katika ulinzi chagua WPA2 ya AES au WPA3; ile TKIP ya zamani hushusha kasi ya hewani hadi megabiti 54. Kisha pima kwa waya kwanza, halafu kwa simu ukiwa karibu, halafu chumbani. Kasi ikikosekana kwenye waya, na waya, matundu na kompyuta yako ni vya gigabiti, ipigie simu kampuni ukiwa na hoja. Ikikosekana hewani tu, shughuli ni yako. Na kwa ajili ya stima kupotea, nunua betri ndogo ya ruta, lakini soma volti zilizoandikwa kwenye adapta, maana si zote ni 12.

Lililobaki ni la ujirani. Katika ngazi yetu tulikubaliana juu ya ile 2.4: jirani wa kulia akashika chaneli 1, mimi 6, wa kushoto 11, sote tukapunguza upana wa chaneli hadi megahezi 20, na televisheni za zamani zisizoijua 5 zikaacha kukwama saa ya taarifa ya habari. Wa ghorofa ya juu bado anatumia upana wa 40, nami nimeahidi kupanda kwake Jumamosi nikambadilishie.