Fedha Zafika, Mwenyewe Hafiki: Rununu Kati ya Kibera na Bukura

Aghalabu mijadala kuhusu teknolojia huweka faida upande mmoja na hasara upande wa pili, kana kwamba hazihusiani. Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa na kampuni ya Safaricom mnamo Machi 2007, yaonyesha kuwa zote mbili zaweza kuchipuka katika shina moja.

Wakazi wengi wa Kambi Muru na vijiji vingine vya Kibera, jijini Nairobi, wana jamaa mashambani, hasa magharibi mwa Kenya. Kabla ya 2007, kibarua aliyetaka kumtumia mkewe fedha alizitia katika bahasha akamkabidhi dereva wa basi au rafiki anayesafiri, kisha akaomba Mungu zifike. La sivyo, alizipeleka mwenyewe. Rununu ilipunguza wasiwasi huo. Tena, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, fedha zilipitia rununu kuwafikia watu waliokwama katika mitaa ya mabanda ya Nairobi.

Mtafiti Olga Morawczynski alichunguza matumizi ya huduma hiyo Kibera na Bukura, eneo la mashambani huko Kakamega. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa mapato ya familia za mashambani zilizoitumia yaliongezeka kwa asilimia 5 hadi 30, kwa kuwa waliokuwa mjini walituma kiasi kidogo kidogo lakini mara nyingi zaidi. Hilo si jambo dogo kwa mama anayehitaji unga leo wala si mwisho wa mwezi.

Hata hivyo, baadhi ya wake walilalamika kuwa waume zao hawakuja nyumbani kama zamani, wakahofia kuwa wangeoa wengine mjini. Malalamiko hayo yana mashiko. Fedha ndizo zilizokuwa kisingizio cha safari. Aliyezileta kwa mkono aliona pia paa linalovuja, akamjulia hali mzazi mgonjwa, akalala kwake. Ujumbe wa simu hauoni paa.

Wanawake nao hawakuketi tu kungoja. Baadhi yao waliweka akiba katika rununu, nyuma ya nambari ya siri, mahali ambapo mume hangeweza kuifikia kwa urahisi kama ile iliyofichwa chini ya godoro.