Haki za Wanawake: Ni za Zamani au ni za Juzi?

Somo kwa vikundi vya amani, mashirika ya wamama na mabaraza ya mtaa

KUSUDI LA SOMO: Kuelewa kwamba haki nyingi za wanawake, kwetu na kwa nchi zingine, zimepatikana juzi tu, kujua sheria ya leo ya Kongo inasema nini juu ya bibi na bwana, na juu ya urithi, na kutafuta njia ya kuitumia bila kuvunja jamaa.

MUDA: Saa mbili. Msomee kikundi kila sehemu kwa sauti, kisha muzungumze.



Tunapozungumza juu ya haki za wanawake katika vikundi vyetu, maneno mawili yanarudi kila mara. Wazee wengine husema: “Hayo ni mambo ya Wazungu. Kwetu mama hawezi kuuza, kununua wala kwenda kushitaki bila ruhusa ya bwana wake. Ndivyo mababu walivyotuachia.” Vijana wengine husema kinyume: “Wamama wamekwisha kupata haki zote tangu zamani. Wanatafuta nini tena?”

Somo hili linajibu wote wawili. Asiyejua maana haambiwi maana, kwa hiyo tuanze kwa kujua mambo yalivyotokea.

1. ULAYA NAYO ILICHELEWA

Wengi wanafikiri kwamba wanawake wa Ulaya walizaliwa na haki zao mkononi. Si kweli. Tuangalie miaka hii:

- New Zealand ilikuwa nchi ya kwanza kuwapa wanawake wote haki ya kuchagua wabunge, mwaka wa 1893.
- Uingereza iliwapa wanawake fulani kura mwaka wa 1918, lakini wenye miaka 30 na zaidi tu. Usawa na wanaume ulikuja mwaka wa 1928.
- Ufaransa iliwapa wanawake kura mwaka wa 1944. Lakini ni mwaka wa 1965 tu bibi aliyeolewa alipata haki ya kufanya kazi na kufungua konti ya banki bila bwana wake kukubali.
- Ubelgiji, nchi iliyotutawala, iliwapa wanawake haki ya kuchagua wabunge mwaka wa 1948.
- Uswisi, ambako mikutano mingi ya haki za watu inafanyika, iliwapa wanawake kura ya taifa mwaka wa 1971. Jimbo moja dogo, Appenzell Innerrhoden, liliendelea kukataa kwa mambo yake ya ndani mpaka tribinali kuu ya nchi ilipolilazimisha, mwaka wa 1990.

Haki hizi hazikuanguka kama mvua. Mwaka wa 1888 huko Ubelgiji, mwanamke mmoja, Marie Popelin, alimaliza masomo ya sheria. Alipotaka kuapa awe wakili alikataliwa, kwa sababu tu yeye ni mwanamke. Mlango ule ulifunguliwa mwaka wa 1922. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Basi, mtu akisema kwamba wanawake wa Kongo wamebaki nyuma sana, umwambie kwa upole: dunia nzima iliamka asubuhi ile ile.

2. KWETU KONGO

Mwezi wa Mei 1960 Wakongo walichagua wabunge wao wa kwanza kabla ya uhuru. Waliochagua walikuwa wanaume tu. Wamama waliimba uhuru na kupikia mikutano, lakini siku ya kura walibaki nyumbani.

Mwaka wa 1966 Sophie Kanza akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Mwaka mmoja nyuma yake, yaani 1967, wanawake wakapata haki ya kupiga kura. Angalia mpango huo: mama alikuwa waziri kabla wamama hawajapata kura!

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilisema wazi, katika kifungu cha 14, kwamba serikali inapaswa kuondoa kila namna ya ubaguzi juu ya wanawake. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, sheria juu ya makosa ya kulazimisha watu kingono ilitengenezwa upya na kuwekewa malipizi makali. Na mwaka wa 2024 Judith Suminwa Tuluka akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Kongo.

Tuhesabu pamoja. Chukua nyanya aliyezaliwa mwaka wa 1940. Wanaume walipochagua mwaka wa 1960, yeye alikuwa na miaka 20, na hakuruhusiwa. Alipata kura akiwa na miaka 27. Katiba ya 2006 ilimkuta na miaka 66. Hatuzungumzi habari za vitabu vya kale. Tunazungumza maisha ya mtu mmoja, ambaye labda bado anaota jua mbele ya nyumba yake.

3. RUHUSA YA BWANA ILITOKA WAPI?

Hapa tufike kwenye neno la wazee wetu. Je, ruhusa ya bwana ni desturi ya mababu?

Mwaka wa 1804 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alitoa kitabu cha sheria. Ndani yake iliandikwa kwamba bwana anapaswa kumlinda bibi yake, na bibi anapaswa kumtii bwana wake. Bibi hakuweza kwenda tribinali wala kuuza mali bila bwana kukubali. Wakati ule Ubelgiji ilikuwa chini ya Ufaransa. Ilipopata uhuru wake mwaka wa 1830, ilibaki na kitabu kile. Wabelgiji walipokuja huku, walikuja pia na mawazo ya sheria zao.

Mwaka wa 1958 Ubelgiji iliondoa kwake neno la bibi kumtii bwana. Lakini kwetu, tarehe 1 Agosti 1987, Sheria ya Jamaa, ile watu wanaita Kode ya Familia, iliandika neno lile lile katika kifungu cha 444: bwana ni kichwa cha nyumba, anapaswa kumlinda bibi, na bibi anapaswa kumtii. Kifungu cha 448 kikaongeza kwamba bibi anapaswa kupata ruhusa ya bwana kwa kila mapatano ya kisheria yanayomfunga kutimiza kazi fulani yeye mwenyewe. Msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15, kijana mpaka afikishe 18.

Kwa hiyo sheria ambayo wengi wanaita desturi yetu iliandikwa kwa Kifaransa huko Paris, ikapita Ubelgiji, ikafika kwetu. Wenyeji waliitupa, sisi tukaiokota miaka 29 baadaye.

Hatusemi kwamba mababu waliwapa wanawake haki zote. Mara nyingi shamba lilipita kwa watoto wanaume, na mjane alitegemea huruma ya wakwe zake. Lakini tujue kila kitu kimetoka wapi, ili tusitetee cha mgeni tukidhani ni cha babu.

4. SHERIA YA LEO INASEMA NINI?

Tarehe 15 Julai 2016 Sheria ya Jamaa ilibadilishwa. Mambo matatu ni ya kushika:

- Ruhusa ya bwana imekwisha. Sasa bibi na bwana wanapaswa kupatana kabla ya kila mmoja kufanya mapatano ya kisheria. Wakishindwa kupatana, anayeumia anaweza kwenda tribinali ya amani.
- Umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18 kwa wote wawili.
- Bwana anabaki kuitwa kichwa cha nyumba, lakini neno la bibi kumtii limeondolewa. Kulindana ni kazi ya wote wawili.

Wababa wengi wakisikia hayo wanaogopa: “Sasa bibi atauza nyumba nikiwa safarini!” Hapana. Soma tena. Sheria inaomba mapatano. Bibi hawezi kuuza peke yake, na bwana vilevile hawezi. Bwana anayetaka kuuza parseli ili alipe deni la pombe atamkuta bibi yake njiani. Anayepona hapo ni nani? Ni watoto, ambao wangelala nje.

Nyanya yetu wa 1940 alikuwa na miaka 76 sheria hii ilipotoka.

5. URITHI: MAHALI UGOMVI UNAPOANZIA

Katika mabaraza yetu ya Kivu, magomvi mengi yanaanzia kwenye ardhi, na mengi ya ardhi yanaanzia siku mtu anapokufa. Tufanye mfano, si habari ya mtu fulani.

Bwana mmoja anafariki. Anaacha bibi, wasichana wawili na kijana mmoja. Wazazi wake na ndugu zake wako hai. Ndoa iliandikishwa kwa serikali. Kuna shamba ambalo bibi na bwana walilinunua pamoja ndani ya ndoa, lenye hati, na lenye mistari 24 ya kahawa. Baada ya kilio, ndugu wa marehemu wanakuja na kusema: “Mama, rudi kwenu. Wasichana wataolewa. Shamba ni la jamaa yetu.”

Sheria inahesabu hivi. Kama bibi na bwana hawakuchagua mpango mwingine siku ya kuandikisha ndoa, mali waliyoipata pamoja ni ya wote wawili. Nusu, yaani mistari 12, ni ya mama tayari. Hiyo si urithi, ni jasho lake. Mistari 12 inayobaki ndiyo urithi:

- Robo tatu ni za watoto, sawasawa, wasichana na wavulana. Hiyo ni mistari 9: kila mtoto 3.
- Robo inayobaki, mistari 3, inagawanywa: mmoja kwa mjane, mmoja kwa wazazi wa marehemu, mmoja kwa ndugu zake.

Jumla: mama 13, watoto 9, wazazi 1, ndugu 1. Tena mjane ana haki ya kubaki katika nyumba waliyoishi pamoja.

Angalieni vizuri: ndugu wa marehemu hawakusahauliwa. Sheria imewapa fungu lao. Baraza likiweza kuwaonyesha fungu hilo kwa utulivu, mara nyingi panga linarudi nyumbani bila kazi.

Lakini kuna mambo ya kuangalia. Kwa urithi mdogo sheria ina mpango wake. Shamba la ukoo, linaloongozwa na desturi na mwami, linaweza kuwa na hesabu nyingine. Na ndoa isiyoandikishwa ni vigumu kuishuhudia mbele ya hakimu. Kwa hiyo, kabla ya kukata neno, baraza liulize wakili au mtu anayejua sheria.

Jirani zetu wa Rwanda walijifunza jambo hili kwa machozi. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wajane na mayatima wasichana wengi walibaki peke yao juu ya ardhi ambayo desturi haikuwapa. Mwaka wa 1999 nchi ile ilitoa sheria ya kuwapa wasichana na wavulana haki sawa ya kurithi. Je, sisi tusubiri msiba gani?

6. KILICHOPATIKANA JUZI KINAWEZA KUPOTEA KESHO

Mti uliopandwa juzi, upepo unaweza kuung'oa. Huko Afghanistan wasichana walikuwa wakisoma mpaka universite. Mwaka wa 2021 utawala ulibadilika, na shule za sekondari zikafungwa kwao. Mwezi wa Desemba 2022 universite nazo zikafungwa.

Hata kwetu, vita inapoingia kijijini, wa kwanza kupoteza haki ni mama: shamba, shule ya binti, mwili wake. Ndiyo sababu tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio la 1325, kwamba wanawake wawe na nafasi katika mazungumzo ya amani. Baraza la mtaa lisilo na mama hata mmoja linasikia nusu ya habari tu.

MAMBO YA KUFANYA MWEZI HUU

- Kila bibi na bwana waangalie: je, ndoa yetu imeandikishwa? Karatasi iko wapi?
- Hati ya parseli au shamba ina majina ya nani? Mnaweza kuandika majina mawili.
- Wazazi wazungumze na watoto wote juu ya mali wakati bado wana nguvu, si kitandani pa mgonjwa.
- Baraza liwe na wamama wanaosema na kusikilizwa, wasiwe wa kupika chai tu.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Muulize nyanya au mama mzee wa mtaa: ulipokuwa msichana, ni jambo gani hukuruhusiwa kufanya, na leo binti anafanya?
2. Katika desturi yetu, ni mambo gani yalimlinda mama? Ni yapi yalimwonea? Yapi tuyashike, na yapi tuyaache?
3. Wababa wajibu kwanza: ukifa leo, ungependa binti yako na mama yake watendewe namna gani na ndugu zako?
4. Kama baraza lenu lingepokea kesi ya mistari 24 ya kahawa, mngesema nini kwa mjane? Na kwa ndugu wa marehemu?

NENO LA MWISHO KWA ANAYEONGOZA SOMO

Usisome vifungu vya sheria kama fimbo ya kuwapiga wababa. Wengi wao hawakuambiwa hata siku moja. Anza na hesabu ya umri wa nyanya, kwa maana kila mtu ana mama yake na anampenda. Wakikasirika, wape nafasi ya kusema, kisha rudi kwenye mfano wa shamba na uchore mistari chini kwa kijiti. Anayeona fungu lake kwa macho anasikiliza kuliko anayeambiwa tu.

Haba na haba hujaza kibaba. Amani ianze katika nyumba zetu.