Mji wa La Paz: Hewa ya Juu na Mwili wa Msafiri

Mji wa La Paz, yaliko makao ya Serikali ya Bolivia, Amerika ya Kusini, umejengwa kwenye mwinuko wa takriban meta 3,600 kutoka usawa wa bahari. Uwanja wake wa ndege, ulioko El Alto, umepita meta 4,000. Msafiri aliyezoea hewa ya Dar es Salaam akipanda ngazi chache tu huko, huhema kama aliyekimbia. Kwa nini?

Wanafunzi wengi hujibu kwamba hewa ya huko ina asilimia ndogo ya oksijeni. Sivyo. La Paz, kama Dar es Salaam, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, ambayo mjini humo ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Kwa hiyo kila pumzi huingiza molekuli chache zaidi za oksijeni, na msukumo wa kuzipenyeza kutoka mapafuni hadi kwenye damu huwa hafifu.

Mwili hujirekebisha, lakini polepole. Pumzi na mapigo ya moyo huongezeka mapema. Chembechembe nyekundu za damu huhitaji majuma kadhaa. Kutokana na hayo, msafiri azingatie yafuatayo:

1. Apumzike siku mbili za mwanzo. Ujana na nguvu si kinga.
2. Ale chakula chepesi, anywe maji ya kutosha, na aepuke pombe na dawa za usingizi.
3. Akiumwa kichwa au akisikia kichefuchefu, asipande juu zaidi mpaka apone.
4. Akichanganyikiwa, akipepesuka, au akihema hata akiwa amepumzika, ateremshwe mara moja na kutafutiwa daktari. Kungoja kuche kwaweza kumwua.
5. Mwenye selimundu amwone daktari kabla ya safari, kwani upungufu wa oksijeni huzipinda chembechembe zake nyekundu zikaziba mishipa midogo. Hata aliyerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa nyumbani, aweza kudhurika bandama.

Kanuni hizi humhusu pia mwanafunzi apandaye Mlima Kilimanjaro.

Swali: La Paz maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 88 za Sentigredi. Eleza kwa nini maharagwe huchelewa kuiva huko, hata moto uwe mkali namna gani.